Kutengeneza Protini Inayosoma DNA ya Bakteria Hatari: Mwongozo Kamili wa Vidole vya Zinki

Mwaka 2011 watu zaidi ya 3,800 waliugua nchini Ujerumani kutokana na mbegu za uwatu zilizochipushwa na kuliwa mbichi. Zaidi ya 50 walikufa na mamia waliharibikiwa figo. Aliyesababisha yote hayo alikuwa E. coli wa aina ya O104:H4. Maabara zilikuwa zimezoea kumtafuta ndugu yake, O157:H7, kwa kumwotesha kwenye sahani za agari zenye sukari ya sobitoli, kwa kuwa O157 haichachui sukari hiyo. O104 huichachua, hivyo sahanini alionekana sawa na E. coli wa kawaida wanaoishi tumboni mwa kila mtu. Wote wawili hubeba jeni inayotengeneza sumu ya Shiga, na sumu hiyo ndiyo inayoua.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kubuni, kutengeneza na kujaribu protini inayoitambua jeni hiyo, kwa jina stx2, kwa kushika DNA yake moja kwa moja. Nimeuandika kwa mwanafunzi wa baiolojia ya molekuli au mtafiti kijana mwenye maabara ya kawaida: jokofu la baridi kali, sentrifuji, mashine ya PCR (ya kukuza DNA) na kifaa cha kupima mwanga. Kazi hii haifanyiki jikoni. Tukichagua vizuri mahali pa kushika na tukawa wakali kwenye ulinganisho, protini ya kawaida kabisa itatupa majibu ya kuaminika. Tukizembea hapo, hata protini bora duniani itatudanganya.

Kwa nini vidole vya zinki

Vidole vya zinki, yaani sehemu ndogo za protini zinazoshika DNA, viligunduliwa mwaka 1985 katika maabara ya Aaron Klug huko Cambridge, ndani ya protini ya chura aitwaye Xenopus. Mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo walionyesha umbo la protini ya panya iitwayo Zif268 ikiwa imeshika DNA, na tangu hapo mlango wa ubunifu ukafunguka. Kila kidole kina amino asidi zipatazo 28 hadi 30. Sisteini mbili na histidini mbili hushikilia ayoni moja ya zinki, na zinki hiyo ndiyo inayokifanya kidole kisimame na umbo lake. Upande mmoja una hesi fupi, yaani sehemu iliyojisokota, inayoingia kwenye mfereji mpana wa DNA na kusoma besi tatu, yaani herufi tatu za DNA. Unganisha vidole vitatu, unasoma besi tisa.

Faida yake kubwa ni kwamba protini husoma DNA ikiwa imefungwa, nyuzi mbili pamoja. Vipimo vingi vinavyotumia vipande vya DNA vya kunasia hulazimika kwanza kuzitenganisha nyuzi kwa joto. Mwaka 2006 kundi la Indraneel Ghosh na David Segal lilionyesha kwamba ukiugawa mwili wa kimeng'enya kiitwacho beta-laktamesi vipande viwili, na kila kipande ukakifunga kwenye protini yake ya vidole, kimeng'enya hufufuka pale tu protini zote mbili zinapokaa jirani kwenye DNA moja. Baadaye Moon-Soo Kim, Segal na wenzao waliipeleka mbinu hiyo kwenye safu ya kipimo kinachoonekana kwa macho, na stx2 ilikuwa miongoni mwa walengwa wao. Njia hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Nitasema wazi: mtu anayetaka kufikisha kipimo sokoni haraka leo angeanza na Cas12a, kimeng'enya kinachoongozwa na RNA hadi kwenye DNA, kwa sababu kubadilisha mlengwa kunahitaji kubadilisha RNA fupi tu. Protini za TALE, kundi jingine linaloshika DNA, nazo ni rahisi kubuni, maana kila rudio husoma besi moja kwa kanuni iliyofumbuliwa mwaka 2009. Ila TALE ni kubwa na ndefu, na Cas12a inahitaji RNA isiyopenda safari wala joto. Protini ya vidole vitatu ina amino asidi 90 hivi. Ni ndogo, haihitaji RNA, na inakufundisha kuelewa jinsi protini inavyosoma DNA kuliko nyingine zote.

Usalama na vibali kwanza

Katika hatua zote za kubuni na kujaribu huhitaji bakteria hatari hata mmoja. Mlengwa wako awe kipande kifupi cha jeni, besi 150 hadi 200, kilichotengenezwa na kampuni ya DNA. Kipande hicho hakiwezi kutoa sumu. Usiagize wala usipandikize jeni nzima ya stx2 kwenye plazmidi, yaani duara dogo la DNA linalobebwa na bakteria. Hakuna sababu ya kisayansi ya kufanya hivyo kwa kipimo hiki, na katika nchi nyingi ni kosa bila kibali maalumu. Protini zako zitatengenezwa ndani ya E. coli wa maabara wa jamii ya BL21, ambaye hana madhara.

Hata hivyo bakteria waliobeba plazmidi zako ni viumbe vilivyobadilishwa vinasaba kisheria. Kenya utaanzia Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Viumbe Hai na kibali cha utafiti cha NACOSTI. Tanzania kuna COSTECH kwa utafiti, masuala ya viumbe vilivyobadilishwa yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na sampuli za wagonjwa lazima zipitie maadili ya NIMR. Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kamati ya usalama ya chuo chako iandikiwe mapema, kabla ya kuagiza DNA.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kushika

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote.

Pakua mifuatano ya stx2 kutoka hifadhi ya NCBI, mingi kadiri unavyoweza, ya aina ndogo zote zinazojulikana. Ipange sambamba kwa programu kama MAFFT au Clustal Omega. Utaona baadhi ya sehemu hazibadiliki kabisa kati ya aina moja na nyingine, na sehemu nyingine zinayumba. Aina iitwayo stx2f iko mbali sana na wenzake, na protini moja haitaikamata pamoja na stx2a. Amua mapema utakamata zipi, uandike uamuzi huo, na uutangaze pamoja na kipimo chako. Mtumiaji ana haki ya kujua kipimo hakioni nini.

Halafu fanya hesabu. Besi tisa zina mipangilio 4⁹, yaani 262,144. Jenomu, yaani DNA yote, ya E. coli K-12, ambaye hana madhara, ina besi milioni 4.64. Ukihesabu nyuzi zote mbili, mfuatano wowote wa besi tisa unatarajiwa kutokea humo mara 35 hivi kwa bahati tu. Kwa hiyo protini moja ya vidole vitatu, hata iwe sahihi namna gani, itashika E. coli wa kawaida kila siku. Besi 18 zina mipangilio karibu bilioni 69, na hapo bahati inatoweka. Ndiyo sababu tunatumia protini mbili zinazolazimika kukaa jirani, mithili ya kufuli la sanduku linalofunguka kwa funguo mbili zikiingizwa kwa pamoja.

Sasa tafuta jozi. Vidole vilivyothibitishwa vizuri zaidi ni vile vinavyosoma besi tatu zinazoanza na G, ambazo tunaziandika GNN, ambapo N ni besi yoyote. Vinavyoanza na A au C vipo lakini havitabiriki sana, na vinavyoanza na T ni vigumu. Protini hukaa kinyume na uzi inaousoma: mwanzo wake unaelekea mwisho wa uzi, yaani 3', na mkia wake unaelekea mwanzo wa uzi, yaani 5'. Ukitaka vipande viwili vya kimeng'enya, vyote vikiwa vimefungwa mkiani, vikutane katikati, basi protini ya kushoto isome uzi wa chini na ya kulia isome uzi wa juu. Kwenye uzi wa juu, muundo unaoutafuta unaonekana hivi:

5'-NNC NNC NNC – nafasi ya besi 5 hadi 10 – GNN GNN GNN-3'

Muundo huu una besi sita zilizofungwa, kwa hiyo kwa kila urefu wa nafasi unatokea kama mara moja katika besi 4,096. Jeni ya stx2 pamoja na sehemu zake zote mbili, A na B, ina besi zipatazo 1,240 tu, tena ina A na T nyingi. Yawezekana usipate jozi iliyo safi kabisa. Legeza sharti kidogo kidogo: ruhusu kidole kimoja cha ANN au CNN katika kila protini, kisha utafute tena. Usilegeze kwa kuhamia sehemu ya jeni inayobadilika. Ni afadhali kidole kigumu kuliko mahali pabovu.

Jozi zilizobaki zipitishe kwenye BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, dhidi ya jenomu za E. coli K-12, Salmonella, Klebsiella na, kwa kipimo cha maziwa au nyama, dhidi ya jenomu ya ng'ombe. Tafuta zile zisizo na kifanani popote chenye tofauti ya besi moja au mbili. Chukua jozi nne hadi sita za kwenda nazo mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba vidole vikiunganishwa kwa kufuata jedwali tu, protini nyingi zinazopatikana hushindwa kazi, hasa zenye GNN chache. Anayeagiza jozi moja anajiandalia majonzi.

Hatua ya 2: Andika protini herufi kwa herufi

Usomaji wa DNA unafanywa na amino asidi saba za hesi, zinazohesabiwa kuanzia nafasi ya -1 hadi 6 bila sifuri. Zilizo nafasi za 6, 3 na -1 husoma besi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa mpangilio huo. Iliyo nafasi ya 2 hugusa uzi wa pili, mara nyingi ikivuka kwenye eneo la kidole jirani, na ndiyo inayofanya vidole visiwe huru kabisa kimoja na kingine.

Kuna majedwali ya hesi yaliyotokana na kazi ya Carlos Barbas na wenzake. Chukua mfano wa kujifunzia, 5'-GAT GCG GAA-3'. Hesi ya GAT ni TSGNLVR, ya GCG ni RSDDLVR, na ya GAA ni QSSNLVR. Sasa angalia mpangilio, kwa sababu hapa wengi hujikwaa: kidole cha kwanza cha protini husoma besi tatu za mwisho. Kidole 1 kinachukua GAA, kidole 2 GCG, kidole 3 GAT. Ukigeuza mpangilio huo utapata protini safi, imara, inayosoma mfuatano ambao haupo kwenye jeni yako.

Kila hesi ipachikwe kwenye kiunzi hiki:

YKCPECGKSFS – hesi ya amino asidi 7 – HQRTH

Kati ya kidole na kidole weka kiungo TGEKP. Mwanzoni kabisa tanguliza LEPGEKP, na mwishoni malizia kwa TGKKTS. Kiunzi hiki kimetumika na maabara nyingi na hukunjika vizuri. Sipendekezi kukibadilisha ukiwa ndiyo unaanza. Siku hizi zipo pia programu za kujifunza kwa mashine zinazobuni hesi kwa kuzingatia vidole jirani, kama ZFDesign ya mwaka 2023. Kama mlengwa wako una ANN au CNN, linganisha mapendekezo yake na ya jedwali na ujaribu yote mawili.

Hatua ya 3: Kimeng'enya kilichogawanywa, na mtego wa ampisilini

Beta-laktamesi ya TEM-1 hugawanywa karibu na amino asidi ya 196: kipande cha kwanza ni 26 hadi 196, cha pili ni 198 hadi 290. Badiliko la M182T (methionini ya 182 kuwa threonini) kwenye kipande cha kwanza huongeza uimara. Kati ya mkia wa protini ya vidole na kipande cha kimeng'enya weka kiungo laini cha amino asidi 15, yaani GGGGS mara tatu. Kimeng'enya kikifufuka hukata nitrosefini, kemikali ya kuonyesha rangi, na rangi hugeuka kutoka njano hadi nyekundu, jambo unaloliona kwa macho au kulipima kwenye nanomita 486.

Mtego wenyewe ni huu. Plazmidi nyingi za maabara huchaguliwa kwa ampisilini, na kinachowapa bakteria kinga dhidi ya ampisilini ni beta-laktamesi nzima, ile ile TEM-1. Ukitumia plazmidi hiyo, kila chupa ya protini yako itakuwa na kimeng'enya kamili kilichojipenyeza, na nitrosefini itakuwa nyekundu hata bila DNA yoyote. Tumia plazmidi ya kanamisini, kwa mfano pET-28a, ambayo pia inakupa mkia wa histidini wa kusafishia. Na usishiriki sentrifuji au beseni la barafu na mtu anayefanya kazi na ampisilini bila kusafisha kwanza.

Unapoagiza jeni ya protini, mwambie mtengenezaji aibadilishe kwa matumizi ya E. coli, na asisitize kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi moja) tofauti katika kila kidole. Vidole vinafanana sana, na DNA yenye marudio huwa inakataliwa au inakatika wakati wa kutengenezwa.

Hatua ya 4: Kuzalisha na kusafisha

Ingiza plazmidi kwenye BL21(DE3). Otesha katika kimiminika cha LB chenye kanamisini mikrogramu 50 kwa mililita na kloridi ya zinki mikromola 100. Kwenye nyuzi joto 37 subiri hadi ukungu wa bakteria ufikie 0.6 kwenye nanomita 600, shusha joto hadi 18, kisha ongeza IPTG milimola 0.3, inayowaamuru bakteria waanze kutengeneza protini, na uache usiku kucha. Ukiharakisha kwa kuzalisha kwenye nyuzi 37, protini nyingi itaganda na kuwa mabonge yasiyoyeyuka.

Bafa ya kuvunjia bakteria iwe na HEPES au Tris milimola 50 kwenye pH 7.5 hadi 8, chumvi ya mezani ya maabara (NaCl) mola 1, kloridi ya zinki mikromola 100, na TCEP kidogo ya kulinda sisteini. Mambo mawili ni haramu: EDTA, kwa sababu hunyonya zinki na kuangusha vidole, na fosfeti, kwa sababu hugandana na zinki. Soma vibandiko vya vidonge vya kuzuia vimeng'enya haribifu, maana vingi vina EDTA.

Chumvi nyingi hapo juu ina kazi maalumu. Protini yako hupenda DNA, na imezaliwa ndani ya seli iliyojaa DNA. Chumvi ya mola 1 huiachanisha, na kimeng'enya cha kukatakata DNA kama Benzonase humalizia, mradi ukikitumie kwenye chumvi ndogo kwanza, kwa kuwa chumvi nyingi hukilemaza. Pitisha kwenye safuwima ya nikeli, safisha kwa imidazoli milimola 20, toa kwa 250. Pima uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280: protini safi huwa karibu na 0.6, na ukiona zaidi ya 1 ujue bado kuna DNA imeng'ang'ania. Protini yenye DNA ya E. coli tayari mkononi haiwezi kushika ya kwako. Rudia kusafisha. Mwisho badilisha bafa, gawa kwenye mirija midogo yenye gliseroli, na uhifadhi kwenye nyuzi -80. Mrija ukishayeyuka usiugandishe tena.

Hatua ya 5: Thibitisha kila protini peke yake

Usikimbilie rangi nyekundu. Kila protini ipite kwanza kwenye jeli ya kuchelewesha DNA. Agiza kipande cha DNA cha besi 30 chenye mlengwa katikati na rangi inayong'aa, kwa mfano FAM, mwishoni. Weka DNA nanomola 1 kwenye kila mrija, ongeza protini kutoka nanomola 0.1 hadi 1,000, acha kwa nusu saa hadi saa moja, kisha endesha kwenye jeli ya poliakrilamidi ya asilimia 6 isiyo na sabuni. Hapa tena EDTA inanyemelea: bafa ya kawaida ya jeli, TBE, inayo. Tumia TB.

DNA iliyoshikwa husafiri polepole. Kiwango cha protini kinachoshika nusu ya DNA kinakupa makadirio ya nguvu ya mshiko. Mimi ningesonga mbele na protini iliyo chini ya nanomola 10, na ningeiacha iliyozidi 100. Pamoja na mlengwa halisi, jaribu vipande vyenye kosa la besi moja katika kila kidole, na kipande kisichohusiana kabisa. Ongeza poly(dI-dC), DNA ya bandia ya kushindania, ili kuondoa mshiko wa ovyo. Protini inayoshika kosa la besi moja kwa nguvu karibu sawa na mlengwa isikuvunje moyo peke yake, kwa kuwa mwenzake bado yupo, lakini wawili wa namna hiyo wasiwekwe kwenye jozi moja.

Hatua ya 6: Kutanisha jozi

Sasa weka protini zote mbili pamoja na kipande chako cha besi 150 hadi 200, kwenye bafa ya HEPES yenye chumvi milimola 100 na zinki kidogo. Anza na protini nanomola 100 kila moja, DNA kuanzia sifuri hadi nanomola 200, acha nusu saa, ongeza nitrosefini mikromola 100, na usome kila dakika kwa nusu saa. Tazama kasi ya kubadilika kwa rangi, usitazame rangi ya mwisho tu.

Mirija ya ulinganisho isiyokosekana ni hii: bila DNA, DNA yenye mlengwa mmoja tu kati ya miwili (fanya kwa kila upande), DNA ya K-12 nzima, protini moja bila mwenzake, na mlengwa pamoja na EDTA. Huo wa mwisho ni wa thamani sana. EDTA ikiua rangi, una ushahidi kwamba rangi inatokana na vidole. Isipoiua, kuna beta-laktamesi nzima mahali fulani, rudi hatua ya 3.

Mambo mawili hushangaza wageni wa mbinu hii. La kwanza, rangi hupanda kadiri unavyoongeza DNA, kisha hushuka. DNA ikizidi protini, mshirika mmoja hukaa kwenye molekuli hii na mwenzake kwenye ile, na vipande havikutani. Kwa hiyo sampuli yenye mlengwa mwingi mno inaweza kusomeka hafifu. Kila sampuli isomwe pia ikiwa imezimuliwa mara 10 na mara 100. La pili, vipande hukutana vyenyewe bila DNA protini zikiwa nyingi. Kama mrija usio na DNA unaona haya na kuwa mwekundu, shusha protini hadi nanomola 50 au 20.

Urefu wa nafasi kati ya milengwa miwili haubashiriki vizuri kwa hesabu. DNA hujizungusha mara moja kwa kila besi 10.5, kwa hiyo kuongeza besi tatu au nne kunaugeuza upande mmoja uangalie kwingine. Jozi nne hadi sita ulizochagua mwanzo zinalipa gharama yake hapa.

Hatua ya 7: Kutoka kwenye maziwa hadi kwenye mrija

Kipimo cha namna hii husoma kiwango cha nanomola. Nanomola moja ni molekuli milioni 600 katika kila mikrolita. Kwa upande mwingine, O157 anaweza kumwangusha mtu kwa seli zisizofika 100. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo ambalo protini haiwezi kuliziba, na tangazo lolote linaloficha pengo hilo halimtendei mgonjwa haki. Kuliziba kunahitaji hatua mbili.

Kwanza ni kuwaongeza bakteria. Gramu 25 za nyama au mililita 25 za maziwa huwekwa kwenye mililita 225 za kimiminika cha kuoteshea na kuachwa usiku kucha kwenye joto. Kazi hii ifanyike katika maabara ya usalama wa daraja la pili tu, na wataalamu waliofunzwa, kwa sababu unaotesha kimelea hai. Baada ya hapo seli huuawa kwa kuchemshwa dakika 10, na DNA husafishwa kwa safuwima. Usiruke usafishaji. Bakteria wengi wa mazingira wana beta-laktamesi zao, na maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa chuchu yanaweza kuwa na masalia ya dawa za jamii ya penisilini. Vyote viwili huchezea nitrosefini.

Pili ni kuikuza DNA yenyewe, kwa PCR au kwa RPA inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 37 hadi 42 kwa dakika 20 hivi. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha ukuzaji, zikae nje ya milengwa ya vidole. Hapo kazi ya protini inaeleweka: PCR inaweza kukuza kipande kisicho chenyewe, na protini inathibitisha kwamba katikati ya kipande kuna besi 18 zinazotakiwa. Safisha tena zao la kukuza, kwa kuwa bafa za RPA zina viungo vinavyovuruga mshiko. Chumba cha kuandalia PCR kiwe mbali na chumba cha kufungulia mirija iliyokuzwa. Tone moja la zao la jana linatosha kufanya sampuli zote za leo ziwe chanya.

Hatua ya 8: Pima kipimo chenyewe

Kusanya, kwa ushirikiano na maabara yenye benki ya bakteria, DNA iliyosafishwa ya aina nyingi: O157, wabebaji wengine wa stx2, wabebaji wa stx1 (jeni ya aina nyingine ya sumu ya Shiga) pekee, E. coli wasio na sumu, Salmonella, Listeria, Shigella. Mtu mwingine azipe namba za siri, wewe usome bila kujua. Kupata kikomo cha chini, zimua mlengwa hatua kwa hatua na usome kila kiwango cha chini mara 20. Kikomo ni kile kinachoonekana angalau mara 19. Katika kila sampuli weka DNA ya ulinganisho ya ndani yenye praima zake, ili jibu hasi litofautishwe na PCR iliyokufa.

Jinsi ya kuandika jibu

Jeni ya stx2 husafiri ndani ya virusi vya bakteria, na virusi hivyo vinaweza kuelea kwenye maziwa bila bakteria aliye hai. Pia DNA hubaki baada ya seli kufa. Kwa hiyo jibu chanya liandikwe “jeni ya stx2 imeonekana”, lisiandikwe “E. coli hatari yupo”. Sampuli chanya iende kuoteshwa ili mwenyewe apatikane, na shehena ya chakula izuiwe wakati majibu yanasubiriwa. Ikiwa sampuli imetoka kwa mgonjwa, jibu lifike kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa baadhi ya antibayotiki huwaamsha virusi hao na kuongeza sumu mwilini, na daktari anahitaji kulijua hilo kabla ya kuandika dawa.

Andika pia aina ndogo za stx2 ambazo protini zako hazizioni, toleo la protini, tarehe ya kusafishwa, na matokeo ya mrija wa EDTA wa siku hiyo.